Chini ya Godoro

Binti mmoja mwanafunzi alipoweka mkoba kwenye meza ya ofisi na kusema kwamba mvua imeharibu kitabu, Mama Nukta alijua papo hapo anadanganywa. Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana kwa miaka kumi na tisa kazi yake pale shuleni ilikuwa kuwachapia wasioona vitabu vya nukta nundu, zile nukta zinazoinuka juu ya karatasi ngumu na kusomwa kwa vidole. Karatasi iliyolowa aliijua: hujikunja, hunuka. Hizi zilikuwa kavu, tena zimenyooka kama shuka lililotoka kupigwa pasi. Akapitisha kidole. Nukta zote zilikuwa zimelala. Juzuu zima la tatu la biolojia, kazi ya wiki tatu, lilikuwa limebaki karatasi tupu.

“Mvua ipi?” akauliza. “Mwezi mzima huu natembea na vumbi miguuni. Hebu sema kweli.”

Binti akapapasa ukingo wa meza. Alikuwa na miaka kumi na minane, na ulikuwa mwaka wa pili tangu macho yake yazime.

“Mama alikiweka chini ya godoro.”

Basi ikawa hivi. Vitabu vya nukta havikuwahi kutoka shuleni, ila safari hii wanafunzi walipewa siku chache za kujisomea nyumbani kabla ya mtihani. Kurasa zikapindapinda mkobani. Mama yake ni fundi cherehani, na karatasi zake za kukatia vitambaa huzinyoosha chini ya godoro. Akaona na za mwanawe azinyooshe. Akazilalia siku nne, kwa raha zake.

“Tafadhali usimwambie,” binti akasema. “Amewatangazia majirani wote kwamba ananisaidia kusoma.”

Mama Nukta alitaka kucheka, akataka kulia, akakosa nguvu za yote mawili. Leo ni Ijumaa, mtihani ni Jumatatu, na sura ambayo binti hajaigusa ni ya moyo na mzunguko wa damu, kurasa ishirini na mbili. Asipoipata ataingia chumba cha mtihani mikono mitupu. Mashine kubwa, ile inayotoa kitabu kizima kwa siku, ilikuwa imefunikwa kitambaa tangu mwaka jana ikisubiri kipuri, na barua za kukiomba kipuri hicho zilikuwa zimejaza faili. Iliyobaki ni mashine ndogo ya vitufe sita, ya kugonga kwa mkono. Mtu aliyekuwa akimsomea alishahamishwa, kwa hiyo siku hizi alikuwa akitazama mwenyewe kitabu cha kawaida, akigonga, akitazama tena, mpaka shingo ikawa kama si yake. Na Jumamosi hii alikuwa ameshakiahidi kitanda chake.

“Nitafutie mtu wa kunisomea kesho,” akasema. “Asiyekwamakwama.”

“Mama anasoma vizuri sana,” binti akajibu upesi, kisha akauma mdomo.

Asubuhi mama mtu akafika na chupa ya chai, futi ya kupimia nguo ingali inaning'inia shingoni.

“Shikamoo, mwalimu. Kitabu kimeharibikaje jamani, nami nilikitunza kama yai?”

Binti akainamisha uso. Ofisi nzima iliuogopa mdomo wa Mama Nukta, na maneno makali alikuwa ameyapanga tangu jana, moja baada ya jingine.

“Karatasi za siku hizi hazina maisha,” akasema. “Kaa, tuanze.”

Mama mtu alisoma kwa kufuatisha mstari na kidole, na kila baada ya sentensi mbili akashangaa.

“Kumbe damu inapita moyoni mara mbili!”

“Soma, mama, usinihadithie.”

Kufikia ukurasa wa kumi na nne vidole vya Mama Nukta vilikuwa vimekufa ganzi. Akaacha mashine, akaanza kujikanda kifundo cha mkono. Mama mtu akauchukua ukurasa uliokwisha ili auweke kando, na kwa mazoea ya ufundi akausugua kati ya kidole gumba na cha shahada, kama anapima kitambaa. Akasita.

“Zinainuka,” akasema.

“Ndizo anazosoma.”

“Mimi nilidhani ni matundu, kama ya sindano. Tundu halifi kwa kulaliwa.”

Mkono wake ukaenda kwenye juzuu lililoharibika, lililokuwa pembeni ya meza. Akagusa ukurasa wa kwanza. Akafunua wa pili, wa tatu, akaharakisha. Kila ulipopita mkono palikuwa laini, isipokuwa mahali Mama Nukta alipochora moyo kwa kubandika uzi na gundi. Moyo peke yake ndio ulikuwa bado umesimama. Kwenye kiti cha dirishani, binti aliyekuwa akizipitia kwa vidole kurasa zilizokwisha akasikia karatasi zikifunuliwa mbiombio, akaacha kusoma.

“Ni mimi,” mama yake akasema.

Mama Nukta akayatafuta yale maneno ya jana, asilione hata moja. Alichoona ni mwanamke amesimama, futi shingoni, mikono hajui aiweke wapi. Akamhurumia.

“Mama,” binti akasema, “ulikuwa umefika kwenye vali.”

Mama mtu akajifuta macho kwa kiganja, akatafuta mstari. “Vali huzuia damu isirudi ilikotoka,” akasoma, sauti ikimpotea na kurudi. Mama Nukta akagonga.

Saa kumi jioni wakamaliza. Mabega ya Mama Nukta yalikuwa yanawaka moto, na kabatini kulikuwa na orodha ya vitabu vingine tisa ambavyo hata hakutaka kuvifikiria. Akampa mama mtu kurasa ishirini na mbili zilizofungwa kwa uzi. Mama mtu akaukataa mkoba. Alizilaza juu ya mikono yake yote miwili, akatoka kwa hatua ndogondogo, binti amemshika kiwiko.

Mlangoni akageuka.

“Leo kitabu hiki kitalala kitandani, mwalimu,” akasema. “Mimi nitalala chini.”

Wala hakuwa anatania.