Macho ya Ayuma

Ukutani mwa studio ya Shiundu, kule Shauri Moyo, kulikuwa na picha nne za marehemu mkewe, na katika kila picha Ayuma alikuwa na macho ya mtu mwingine.

Msimcheke, tafadhali. Mtu huyu alikuwa amepiga picha nusu ya mtaa, arusi, ubatizo, picha za kipande, yaani za kitambulisho, lakini ya mkewe mwenyewe hakuwa nayo hata moja. Kila akitia filamu mpya kwenye kamera alimwambia, "Ya mwisho ni yako, Ayuma." Na kila ilipofika hiyo ya mwisho, Ayuma akiwa ameshavua kitambaa kichwani na kukaa kwenye stuli, mteja alibisha mlango, na mteja ndiye aliyepigwa picha. Miaka kumi na mmoja ya ahadi hiyo hiyo. Naye Ayuma, kwa jinsi Shiundu alivyokumbuka, alicheka tu akarudi jikoni. Kisha homa ya mapafu ikamchukua mwezi wa tatu. Picha pekee iliyobaki ni ile aliyoipiga Shiundu kando ya jeneza, macho yamefungwa.

Ndipo Kim, kijana anayeuza kompyuta karibu na soko la Gikomba, alipomletea programu ya kurekebisha picha. "Jaribu bure siku thelathini, mzee," alisema. "Ukiipenda unalipa. Usipoipenda naitoa, na hatukosani."

Shiundu alijifunza haraka, kwa ile bidii ya mtu mwenye msiba. Aliiskani ile picha ya jenezani kwenye kompyuta, akampa mkewe macho ya bibi arusi mmoja wa mtaa wa Lucky Summer. Hayakufaa. Akampa ya muuza mitumba, kisha ya jirani, kisha ya mwalimu wa Sunday school. Wote wanne sasa walimtazama kutoka ukutani kama wateja waliochoka kungoja picha zao. Alianza kula chakula akiwa amewapa mgongo.

Alikuwa na hofu, na hofu yenyewe ni hii. Akifumba macho amtafute Ayuma wa kweli, walikuja hao wanne. Wa kweli hakuja. Alikuwa akimpoteza mara ya pili, safari hii kwa mikono yake mwenyewe, na bado aliamini kwamba akipata macho yanayofaa atamrudisha. Pesa za Kim alikuwa ameshazitia kwenye bahasha.

Siku ya thelathini, Kim akitarajiwa saa kumi, alitangulia Mama Kweyu, mama yake Ayuma, kutoka nyumbani, magharibi mwa nchi. Alitaka picha ya binti yake ya kutundika sebuleni. Kwao mkwe hamtazami mama mkwe usoni, na miaka yote hiyo Shiundu alimjua kwa viatu na sauti. Aliposikia hodi yake alishusha haraka pazia la studio, mama akakaa kwenye stuli upande wa pili.

"Pole na safari, Mama."

"Nimeshapoa, baba. Nipe mtoto wangu nimwone."

Shiundu alipitisha chini ya pazia ile picha ya nne, aliyoiona bora.

"Huyu ni nani?" mama aliuliza.

"Ni Ayuma, Mama."

"Uso ni wa Ayuma. Huyu anayenitazama simjui."

Shiundu akaketi sakafuni, akamweleza yote, hadi bahasha. "Nimeyasahau macho yake, Mama. Na matangani walisema aliyachukua kwako. Ningekupiga picha ningeyapata. Lakini itabidi nikutazame."

Mama Kweyu alipenga kamasi. "Inua pazia," alisema. "Nimekuruhusu mimi."

Aliliinua, kamera ikiwa tayari usoni, angalau kioo kikae kati yao. Filamu ilikuwa imebakiza picha moja. Ndani ya kioo, Ayuma alimtazama. Macho yalikuwa ya uzee, mekundu kwa kulia, lakini yalikuwa yake, na kope la kushoto lililolegea kidogo ambalo alikuwa amelisahau kabisa. Akamwona Ayuma kwenye stuli ile ile, kitambaa mkononi. Akasikia mlango ukibishwa. Akaona macho yanavyoshuka sakafuni, kwanza, kabla ya kicheko. Kicheko kilikuja baadaye, kwa ajili ya mteja. Kila mara Ayuma alikuwa ameumia, naye Shiundu alikuwa akitazama saa na mlango.

Mlango ukabishwa kweli. "Niaje, mzee," Kim aliita nje. "Unachukua ama naitoa?"

"Ngoja hapo," Shiundu alisema. Miaka yote hiyo hakuwahi kumwambia hivyo mtu aliye mlangoni. "Hii ya mwisho ni yako, Mama." Akapiga.

Kisha akamfungulia Kim, akamwambia aitoe programu. Zile nne aliziondoa mwenyewe. Mama Kweyu alichagua ile ya jeneza, akaifunga ndani ya leso.

"Huyu namjua," alisema. "Amelala."

Tangu siku hiyo Shiundu akifumba macho Ayuma huja peke yake. Hukaa kwenye stuli, kitambaa mkononi, akimtazama. Hacheki tena.