Mtoto wa Jaribio

Alhamisi, kipindi cha pili, mkufunzi Rahabu alikuwa akiandika ubaoni: "Tathmini mbinu na maadili ya jaribio la kumfundisha mtoto hofu." Alipogeuka, mtoto mwenyewe wa jaribio alikuwa amekaa mezani juu ya madaftari, umri miezi kumi na moja, amefungwa nepi ya kitambaa. Kwa kuwa jaribio lilifanyika Marekani zaidi ya miaka mia iliyopita, wanachuo walisimama wakamwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. Alikuwa hajaanza kusema.

Somo liliendelea. Rahabu alieleza kwamba mtoto alionyeshwa panya mweupe, na kila alipomgusa, mtafiti aligonga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa cha mtoto. Akamwogopa panya, halafu sungura, halafu hata pamba.

Beatha, wa dawati la mbele, alinyoosha mkono. "Mtoto mmoja hatoshi kuthibitisha kitu, mwalimu. Na hofu yenyewe hawakumtoa. Walimwacha hivyo hivyo."

"Vizuri," alisema Rahabu.

Ukungu uliingia dirishani, mweupe, na mtoto akaanza kulia.

Beatha akasema basi waimalizie wao kazi hiyo. Alileta sungura mweupe kutoka kwao Kwai, na ndoo ya peasi mbivu. Sungura aliwekwa mlangoni, mtoto akalishwa peasi za kuponda. Kila siku sungura alisogezwa hatua moja. Jumatano mtoto alinyoosha kidole akagusa sikio la sungura.

Kengele ikalia. Kengele ya chuo hicho ni rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya dirisha lilelile, na mkufunzi wa zamu huigonga mwenyewe kwa nondo. Mtoto alianguka kifudifudi. Sungura akarudishwa mlangoni.

Rahabu alikwenda kwa mkuu wa chuo, Mzee Yeremia, akaomba rimu ihamishwe, au watumie filimbi.

"Filimbi itasikika wapi na milima hii?" aliuliza Yeremia. "Halafu huyo mtoto hayumo kwenye orodha yangu, mwalimu."

Rahabu alikuwa na hoja tatu nzuri. Hakutoa hata moja. Kusahihisha alikuweza; kubishana na mkuu, hapana.

Wiki iliyofuata zamu ilikuwa yake. Aligonga mara nane kwa siku, kwa wakati, mtoto akimtazama dirishani. Rahabu alidhani angehisi uchungu. Hakuhisi chochote.

Ijumaa alisahihisha mtihani. Beatha aliandika kwamba mtafiti alipaswa kumwondolea mtoto hofu kabla ya kumwachia, akapata ishirini kwa ishirini. Wenzake walikuwa wamekazana na peasi zao, na sasa sungura alilala mapajani mwa mtoto bila shida yoyote. Rahabu alifurahi kidogo. Alichukua kijiko, akainama ili naye amlishe.

Mtoto alimwona akapiga yowe. Alitambaa kinyumenyume mpaka ukutani, akajibana hapo, macho yakiwa kwenye mikono ya Rahabu.

Rahabu aliweka kijiko chini na kutazama saa. Zilibaki dakika mbili. Akatoka kwenda kuchukua nondo.