Kikapu Kilichotangulia

Mama Sindano alikuwa mshonaji, na pale kisiwani hapakuwa na sare ya shule ambayo haikupita mkononi mwake. Lakini ng'ambo, mjini, alikuwa amevuka mara mbili tu maishani, na mara zote mbili alitapika mpaka nyongo. Binti yake alipoolewa huko, alituma kikapu. Alipougua, kikapu. Vitu vizuri, vimekunjwa kwa adabu, na mwenyewe akabaki nyumbani na cherehani yake.

Safari hii binti alikuwa amelazwa hospitali ya mjini, akingoja kujifungua mtoto wa kwanza. Akapiga simu.

"Mama, nakuomba, usinitumie kikapu. Ukituma tena, nitajua sina mama, nina duka."

Neno hilo lilimkaa rohoni. Akasali, akakata tiketi, akaifunga pindoni mwa nguo, na saa moja asubuhi alikuwa gatini. Nguo za mtoto zimo kikapuni, na simu yake imo humohumo.

Sasa pale gatini wana desturi yao. Kwenye foleni hawapangi watu, wanapanga mizigo. Unaweka kikapu chako mstarini, unakwenda kukaa kivulini, na aliye nyuma yako anakisogeza taratibu. Kikapu ni mtu. Hakirukwi wala hakiachwi.

Nyuma yake alikuwa fundi viatu, waliyemwita Bwana Kesho kwa kuwa hakuna kiatu alichowahi kukimaliza leo.

"Mama Sindano unavuka!" akashangaa. "Basi leo kivuko kitazama kwa mshtuko."

"Koma! Kuzama usikutaje mbele yangu. Viatu vyangu viko wapi?"

"Kesho, mama."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akakaa, akasimama. Akaenda kuyatazama maji, akarudi, akakaza fundo la kamba ya kikapu ambalo lilikuwa limeshakazwa. Kivuko kilipochomoza kwa mbali, kidogo kama kiberiti, akageuka kutazama njia ya nyumbani. Je, mlango ameufunga?

"Niangalizie kikapu," akamwambia Bwana Kesho. "Nakwenda nyumbani mara moja, nahisi sikufunga mlango."

Mlango ulikuwa umefungwa. Komeo, na kufuli juu yake. Hata hivyo akafungua, akaingia, akaigusa cherehani, akanywa maji, akafunga tena, akaitikisa kufuli mara tatu. Ndipo honi ikalia. Alipofika gatini akitweta, kivuko kilikuwa kimeshampa mgongo, na mstarini hapakuwa na kitu.

"Kikapu chako kakibeba Bwana Kesho," mkata tiketi akamwambia kutoka dirishani. "Alidhani umesharudi ukaingia. Utavuka na cha saa tisa, dada."

"Mungu wangu! Nisaidie simu basi, nimwambie mwanangu."

"Namba yake?"

"Iko ndani ya simu yangu. Na simu imo kikapuni."

Mkata tiketi akatikisa kichwa. "Hapo dada umejifungia nje mwenyewe."

Hakurudi nyumbani. Alijijua: akirudi, atatafuta mlango mwingine wa kuukagua. Na kwa kuwa hakuwa na mzigo wa kuweka mstarini, akasimama mstarini yeye mwenyewe, wa kwanza, juani.

"Mama, weka hata ndala ukae!" wakamtania.

"Sitoki hapa. Leo mzigo ni mimi."

Saa nane na nusu kivuko kikarudi. Bwana Kesho akashuka, kifua mbele.

"Nilikutafuta ndani sikukuona, nikasema mzigo wa mtu lazima ufike. Kisiwa kizima kinajua binti yako kalazwa, basi nimekipeleka hospitali mpaka kitandani kwake. Umeona? Leo sikusema kesho!"

"Naye akasemaje?"

Kifua kikashuka. "Mama, alikitazama tu, akageukia ukutani."

Mama Sindano akaingia kivukoni. Miguu ilitaka kurudi, akaiburuta kama mbuzi wa kuuzwa. Akashika chuma cha pembeni kwa mikono miwili. Akatapika, akasali, akatapika tena. Alipokanyaga gati la pili, ardhi yenyewe ilikuwa inayumba, lakini hakungoja itulie.

Wodini muuguzi alimpokea kwa kunong'ona. "Amejifungua salama, mtoto wa kike. Lakini tumemwomba afungue kikapu tumvike mtoto, kakataa katakata."

Binti alikuwa ameelekea ukutani. Mtoto yuko kando yake, kaviringishwa shuka la hospitali. Chini ya kitanda kikapu kimekaa, fundo lake halijaguswa.

"Nimekuja, mwanangu. Nimechelewa."

"Kivuko kiliharibika?" binti akauliza bila kugeuka.

Kisingizio kilikuwa kimeletwa mpaka mkononi, ni yeye tu kukipokea. Mama Sindano akakiacha.

"Hapana. Niliogopa. Nilirudi kukagua mlango, nami nilijua nimeufunga. Ufunguo ulikuwa kifuani mwangu muda wote."

Kisha binti akavuta pumzi puani, akageuka polepole, akamtazama mama yake kuanzia mtandio mpaka miguuni.

"Mama, umetapika?"

"Njia nzima."

"Na unanuka hivyo."

"Nanuka, mama yangu. Najua."

Binti akaanza kucheka, akajishika tumbo kwa maumivu, akacheka tena huku machozi yanamtoka.

"Kanawe mikono," akasema. "Halafu ufungue kikapu chako. Mjukuu wako anasikia baridi."