Naisiae Amwamkia Mdoli

Mikono ya Naisiae iliijua kazi. Mdomo ndio uliomponza.

Kwenye mtihani wa vitendo, pale chuo cha afya Same, kila mwanafunzi alipewa mdoli wa plastiki mwenye kidonda mguuni. Umsalimie kwanza, ujitambulishe, umwombe ruhusa, ndipo ufunge kidonda. Naisiae alifunga kidonda vizuri mpaka wenzake wakachungulia, ila neno halikumtoka hata moja. Kwao, mbugani chini ya Ndungu, nani anakiamkia kitu kisicho na pumzi? Akala sapu, mtihani wa kurudia. Akianguka na hiyo, anadisko: chuo kinamfukuza, anarudi nyumbani, na huko mama yake alishawaambia majirani wakae mkao wa kumpokea nesi.

"Mwamkie tu, hang'ati!" alimtania Mwamvita, mwenzake wa chumbani. "Au unangoja aanze yeye?"

"Nitaonekana nimechanganyikiwa."

"Si bora uchanganyikiwe ufaulu?"

Wiki ile ile walipelekwa wodini. Kulikuwa na bibi mmoja hajitambui, tangu aletwe hajafumbua macho. Mwalimu Ernesta, mama wa Kipare kutoka Gonja, mkali huyo, akamwinamia sikioni.

"Shikamoo mama. Nakugeuza ubavu, eeh? Maji ni ya uvuguvugu, usishtuke."

Naisiae akanong'ona, "Mwalimu, lakini hasikii."

"Nani kakwambia?"

Hakuna aliyemwambia. Naisiae akabaki anamtazama yule bibi, kifua kinapanda, kinashuka. Kumbe mtu unampa shikamoo yake hata kama hana nguvu ya kuipokea.

Siku ya sapu alikuja msimamizi mgeni, Mzee Yonas, tabibu mstaafu. Akaketi kwenye kona, miwani puani. Wenzake Naisiae walikuwa wamejazana mlangoni, Mwamvita mbele yao. Naisiae akasogea kitandani. Akautazama uso wa plastiki, na moyoni akauvika sura ya yule bibi wa wodini.

"Shikamoo bibi," akasema kwa sauti. Akatulia, akingoja.

"Marahaba, mwanangu!" Mzee Yonas akaitikia kutoka kwenye kona, kwa mazoea tu, halafu akashika mdomo.

Mlangoni wakaangua kicheko. Mwalimu Ernesta mwenyewe akaficha uso kwa faili. Naisiae hakugeuka.

"Asante bibi. Mimi naitwa Naisiae. Naomba nikusafishe huo mguu. Ukiumia niambie, nitasimama kidogo."

Kisha mikono ikaachiwa kazi yake.

Jioni matokeo yakabandikwa. Mwamvita alipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio na rungu. Naisiae akapiga simu nyumbani.

"Yeyo, nimefaulu!"

Akamsikia mama yake akiwatangazia majirani kwa Kimaasai, kelele tupu, ng'ombe nao wakilia nyuma yao. Baadaye mama akaikumbuka simu.

"Na yule mgonjwa wako wa mtihani, amepona?"

Naisiae akacheka hadi machozi.

"Amepona, Yeyo. Na shikamoo yangu imeitikiwa!"