Kitenge cha Mama Mkwe

Kwa miaka minane ya ndoa, Séraphin Numbi alimjua mama mkwe wake kwa mgongo. Alimjua pia kwa kikohozi chake, kwa mlio wa sandali zilizokimbilia jikoni kila yeye alipoingia sebuleni, na kwa bukari wake, yaani ugali wake, uliokuwa laini kuliko wa mpishi yeyote kati ya Kolwezi na Sandoa. Uso wake hakuujua. Waluba ni watu wa kubishana. Wa Katanga, kama Séraphin, na wa Kasai, kama wakwe zake, hawapatani hata juu ya namna ya kusonga unga. Lakini kwenye jambo hili ni kitu kimoja: mkwe na mama wa mke wake hawatazamani, hawasemezani, na kula pamoja ndiyo usiseme.

Basi mwaka ule wa tisini na tatu, migodi ikiwa imezorota na watu wenye asili ya Kasai wakifukuzwa majumbani mwao, dereva mmoja wa lori alipita Fungurume, alikoishi Séraphin, na ujumbe kutoka kwa baba mkwe wa Kolwezi, mzee Tshilombo. "Mukuye wikendi, weye na Mbelu na mutoto. Tutatembea mu ville, mu muji yetu, tutakula. Kisha mama atasema neno yake."

Neno lenyewe Séraphin alilijua kabla halijasemwa. Mama Kabedi alitaka kupanda treni ya Kasai pamoja na Mbelu, binti yake wa pekee, na mjukuu wake Yolande. Hakumwamini mkwe, na tusimwonee, alikuwa na haki yake. Siku za karibuni kaka mkubwa wa Séraphin, Kalumba, alikuwa amekaa kwenye kiti chao pale Fungurume, akanywa bia yao, kisha akasema mbele ya Mbelu mwenyewe: "Ule bibi yako, umurudishe kwabo. Bengine bote banarudisha." Séraphin akatazama chini. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema bia imekuwa ya moto. Maneno hayana miguu lakini hufika, na hayo yalifika Kolwezi mapema kuliko lori.

"Tata naweza kumukatala," Mbelu alimwambia mumewe kuhusu baba yake wakiwa njiani. "Mama, hapana. Akisema tunaenda, mi naenda."

Séraphin alitaka kumwambia abaki. Alishika upande wa lori akatazama barabara. Mdomo usiofunguka ulikuwa ugonjwa wake.

Watu wengine wakienda mjini kwa ndugu hulala chumba cha wageni. Hawa walikaribishwa garini, yaani kituo cha treni, kwenye mkeka uliotandikwa kati ya kabati na baiskeli. Wazee walikuwa wametolewa kwenye nyumba yao na sasa waliishi pale pamoja na umati wote uliongoja treni: vitanda, cherehani, kuku, wagonjwa, wote chini ya jua lile lile. Watu walioga, walipika na waligombana mbele ya macho ya wenzao. Lakini kati ya kabati na nguzo, Mama Kabedi alikuwa amefunga kamba na kutundika kitenge cha buluu chenye ndege wa njano. Nyuma yake kilisikika kikohozi.

"Mama anakusalimia," alisema mzee Tshilombo.

"Na mi namusalimia," Séraphin alikiambia kitenge. Aliona aibu na alimpenda bibi yule kwa wakati mmoja. Amenyang'anywa kuta zake zote, naye akajitengenezea moja ili mkwe wake apokewe kwa heshima.

Jumamosi mzee alivaa koti lake la misa. "Mutoto hawezi kutoka Kolwezi bila kuiona," alisema, akamshika Yolande mkono. Kwanza aliwapeleka ukingoni mwa shimo kubwa la mgodi, ambako ardhi inashuka kwa ngazi nyekundu na kijivu mpaka kichwa kinazunguka. Chini kabisa mashine zilikuwa zimesimama.

"Ile ya kule ilikuwa yangu," mzee alimwambia mjukuu. "Miaka yote ile, hakuna mutu mwengine aliikalia."

"Sasa inafanya nini?"

"Inapumzika."

Sokoni walikula chikanda, ule mkate wa mizizi uliokatwa vipande na kutiwa pilipili, wakashushia munkoyo baridi, kinywaji cha mahindi. Muuzaji alikuwa akimjua mzee tangu zamani. Alimwongezea kipande kikubwa lakini hakumtazama usoni, na pesa alizipokea kutoka kwa Séraphin. Mzee alikula chote. Alisema chikanda cha Kolwezi kina pilipili ya kweli, kule Kasai watamlisha ya bandia, na kwa mara ya kwanza Mbelu alicheka.

Mwisho wakapita mbele ya nyumba yao ya zamani. Dirishani kulikuwa na pazia la watu wengine. Mwanamume mmoja alitoka na uso wa kujiandaa kwa ugomvi, lakini mzee Tshilombo alivua kofia. "Tata, robinet, ile bomba ya jikoni, bado inatoa mayi? Usiifunge kwa nguvu. Unaifunga, kisha unairudisha kidogo, njo inanyamaza." Yule mtu alisimama hajui aiweke wapi mikono yake. Alisema aksanti, na wao wakaendelea na matembezi. Séraphin alitembea nyuma kabisa, roho inamuuma.

Jumapili baada ya sala, mkono ulitokea chini ya kitenge ukisukuma sahani mbili: bukari unaofuka moshi, na kuku mzima asiyekatwa hata bawa, kama anavyopewa mkwe. Pale garini hata majani ya lengalenga yaligombaniwa. Kuku alipatikana wapi, mzee Tshilombo mwenyewe hakuthubutu kuuliza.

"Mukwe akule," ilisema sauti, ikimwambia mzee. "Akimaliza, nitasema."

Séraphin hakuwa amemgusa bado yule kuku. Treni ilipiga honi. Umati wote uliruka kwa pamoja, magodoro yakapanda vichwani, watoto wakaitwa kwa majina. Mzee Tshilombo alikimbia na jirani kushika nafasi kwenye behewa. Mbelu alimfunga Yolande mgongoni, akaokota mfuko wake, ambao tangu wafike hakuwa ameufungua. Akamtazama mumewe. Alingoja. Séraphin aligusa mkanda wa mfuko, akauachia.

Ndipo kamba ikafunguliwa na kitenge kikashuka.

Séraphin aliruka akageuka nyuma, kama inavyompasa mwanamume aliyelelewa.

"Geuka," ilisema sauti ile. "Kaa chini."

Aligeuka. Mama Kabedi alikuwa ameketi mkekani mbele yake. Ulikuwa uso wa Mbelu, ila umekaa juani muda mrefu zaidi.

"Kaka yako alisema umurudishe mutoto yangu. Weye ulijibu nini?"

Angeweza kutunga jibu zuri. Mbelu alikuwa amesimama palepale na mfuko wake, na alikuwepo siku ile.

"Sikujibu kitu, mama. Nilisema bia iko moto."

"Njo vile," alisema Mama Kabedi. "Ungenidanganya, ningemubeba."

Akamega bukari, akaufinyanga, akachovya kwenye mchuzi. Akavunja paja la kuku. Nusu alitia kinywani mwake mwenyewe, nusu akamnyooshea mkwe wake. Majirani waliokuwa wanafunga mizigo walisimama. Bibi mmoja alijifunika macho kwa kiganja.

"Mama, ni mwiko," Séraphin alinong'ona.

"Mi naijua miko yetu kukupita weye. Sikiya. Mukwe ni mugeni. Siku akichoka, anafunga mulango. Lakini mutu mwenye kukula mu mukono yangu, ule ni mutoto yangu. Nikikufa kule, atanyoa kichwa juu yangu. Mi naenda mbali, sitaweza kukuchunga. Nakuuliza sasa, mutoto: kaka yako akirudia?"

Séraphin alikula. Machozi yalimtoka mbele ya watu, naye hakuyafuta.

"Nitamujibu, mama."

"Kwa sauti."

"Kwa sauti!" alisema, kwa sauti.

Mama Kabedi aliwaondolea majirani wasiwasi kwa kulamba vidole. Akamvua Mbelu mfuko begani, akauweka miguuni pa Séraphin. Kisha akachukua kitenge chake akafungia sufuria, maana safari ni safari. Mbelu alimshikilia mama yake mpaka kwenye behewa, akilia waziwazi, na mjukuu akilia kwa kuwa mama analia. Treni iliondoka taratibu. Kichwa cha mzee Tshilombo kilionekana kwa muda katikati ya vitanda na kofia yake mkononi, kisha hakikuonekana tena.

Wiki iliyofuata Kalumba alikuja Fungurume, akakaa kwenye kiti kilekile, akamiminiwa bia.

"Bado yuko?" aliuliza, akimwonyesha Mbelu kwa kidevu.

"Yuko," alisema Séraphin. "Mama yangu njo aliniachia."

"Mama gani? Yetu alikufa zamani."

"Mama Kabedi. Nilikula naye. Mu sahani moya, mu mukono yake." Alisema kwa sauti kubwa hata jirani akachungulia juu ya ua.

Kalumba aliweka bilauri chini. Juu ya siasa angebishana hadi asubuhi, na hata padri angeshindwa naye kwa maneno. Lakini naye alikuwa Muluba, na nyumbani kwake kulikuwa na mama mkwe ambaye hakuwahi kumwona uso.

"Macho kwa macho?"

"Macho kwa macho."

Kaka mtu aligeuza bilauri mezani bila kunywa. Kisha akamgeukia Mbelu na, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akamsemesha.

"Mama alifika muzuri?"

"Hatujajua bado," alijibu Mbelu.