Mutu Mwenye Dany Alitengeneza

Bwana yangu Dany ni mulobaji wa samaki hapa Kashikishi. Wavu wake umepasuka tangu juma lililopita, uko kwa mulango, lakini asubuhi yote alikaa na telefone anajitengenezea mutu wa kucheza naye mu mchezo wa telefone. Alimupa kifua pana kama mulango wa kanisa, macho ya bleu kama maji ya ziwa, nywele mpaka ku kiuno. Kuchagua pua tu, masaa mbili!

Kisha mchezo ukamupa Dany pointi mia moja za kugawia ule mutu ufundi. Zote alitia mu nguvu, mu uchawi na mu uzuri. Ku kuloba samaki alitia zero.

«Mama Chouchou, nani anaenda mu mchezo kuloba samaki?» akaniuliza, akacheka.

Kumbe kazi ya kwanza ilikuwa kuloba samaki tatu za kula. Ule shujaa wake akasimama ku maji, akapigapiga ziwa na upanga wa moto, mpaka akakufa na njaa.

Dany akakasirika: «Mutu gani huyu wa bure! Anakufa njaa na ziwa iko mbele yake!»

Niliangalia wavu kwa mulango.

«Ulimufananisha na wewe vizuri,» nikamuambia. «Sura tu ndiyo ulikosea.»