Mkoba Uliojaa Kuni

Eliakim alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, upande wa Kericho, na mwaka huo wa 1998 alikuwa bado humo humo. Mama yake, Akeyo, alichuma chai hadi magoti yakamkatalia. Bahati nzuri Eliakim alikuwa amepata ukarani wa kompyuta kiwandani, nyumba ikabaki yao kwa jina lake. Sheria ya shamba haina mzaha: asiye na kazi hana nyumba.

Kutoka hapo ndiyo ilikuwa ndoto yake ya pekee. Mchana, wenzake wakienda kula, yeye alibaki ofisini akitengeneza mchezo wa kompyuta: mtu amepotea msituni, mvua inamnyeshea, na lazima aokote vitu vya kumwokoa. Mwalimu Kipkirui wa chuo kimoja cha kompyuta Nakuru alikuwa ameahidi kwamba akiupenda, atampa nafasi ya kusoma bure. Jumamosi moja akaja kuuona.

Na Eliakim alikuwa amejiandaa, jamani! Kipanya cha kompyuta kilikuwa kikikwamakwama kwa vumbi la chai; akakifungua, akakisafisha kijipira chake kwa spiriti. Hapo awali mchezaji alilazimika kushikilia kitufe na kuburuta kila kitu hadi mkobani, na nusu ya vitu vilimponyoka njiani. Sasa ulibonyeza mara moja tu, kitu kikaingia chenyewe.

Mwalimu alicheza akitabasamu. Akaona kuni, akabonyeza. Kamba, akabonyeza. Kuni tena. Mkono ukanogewa, akajaza mkoba pomoni. Ndipo akaona kiberiti chini ya jiwe. Akabonyeza, mkoba ukakataa.

"Sasa hizi kuni natoa aje?" akauliza.

Eliakim akainama kuitazama skrini. Kutoa? Hakuwahi hata kuwaza kutoa. Tangu utotoni alimfuata mama yake shambani, na huko jani likishaingia kapuni halimwagwi chini hadi lifike kwenye mizani. Ukilimwaga, nyapara anakufokea shamba zima lisikie. Yeye mwenyewe alipoujaribu mchezo wake aliokota kwa kuchagua, kama mchumaji, na mkoba haukujaa hata siku moja.

"Huyu mtu wako anakufa na kiberiti iko hapo mbele yake," mwalimu akasema. Na kweli, mtu yule akatetemeka, akaanguka, akafa.

Eliakim alihisi kuta za ofisi zinamsogelea. Dirishani chai ilitanda kijani hadi macho yalipokomea, akajiona anazeekea humo. Aliogopa vibaya sana.

"Mwalimu, kunywa chai kidogo," akasema. "Wacha nirekebishe."

Akaandika haraka haraka. Kitufe cha kulia cha kipanya hakikuwa na kazi. Akakipa kazi ya kutua kitu chini. Kwanza mkoba wote ukamwagika. Akarudia, na sasa ukuni mmoja ukaanguka matopeni, ukatulia. Mwalimu akaja, akaanza mchezo upya, mkoba ulipojaa akatua ukuni, akachukua kiberiti, akawasha moto. Mtu akapona.

"Kuja Januari," mwalimu akasema, akimpa mkono. "Lakini utakaa huko huko chuoni. Kazi ya hapa utaacha."

Eliakim alienda nyumbani nusu akikimbia. Akamkuta Akeyo jikoni, miguu ameinyoosha mbele ya jiko, anajisugua magoti.

"Wamekuchukua?" mama akauliza, na kabla hajajibiwa akaongeza haraka, "Wakikuchukua, nenda, mwanangu. Mimi nitaenda kwa kaka yangu."

Kaka huyo alimfukuza mbele ya watu, siku ya matanga ya baba yao. Eliakim alikuwepo. Ndiye aliyembebea mama yake mizigo hadi barabarani.

Akaketi. Akavua viatu polepole.

"Hawajanichukua, Mama," akasema. "Mchezo ulikuwa na kasoro."

"Pole, mwanangu," Akeyo akasema, "pole sana," lakini Eliakim alikuwa ameshaiona furaha usoni mwake kabla hajawahi kuificha.